Geto la uswahilini, kushea nyumba nzima au masta ya pembezoni: kipi kinakufaa ukihamia Dodoma

Ukihamia Dodoma kuanza maisha, kitu cha kwanza watakachokuuliza watu ni bajeti yako ya kodi shingapi, na hapo ndo wengi wanapotelea. Mi nasema jiulize kwanza kazi yako iko barabara ipi. Mji huu umekaa kwenye barabara nne zinazotoka kati, ya Dar, ya Singida, ya Arusha na ya Iringa, na ukipanda daladala mara nyingi inakuleta kwanza mjini halafu ndo upande nyingine ya upande wa pili, kwahiyo mtu anayekaa Nala kule njia ya Singida na kazi yake iko Mtumba njia ya Dar anavuka mji mzima asubuhi na jioni, huyo hata apewe chumba cha bure sijui kama itamlipa. Ile barabara ya mzunguko wa nje ya kilometa 112.3 itawasaidia sana wenye magari, ila we mwenye nauli ya mkononi panga maisha yako kwa daladala zilizopo leo.

Ukishajua barabara yako ndo tuje kwenye aina ya nyumba. Ziko tatu ambazo kijana anayeanza anaweza kuzifikiria bila kujidanganya.

Kuna geto, chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi, choo na bafu mnashea uani. Haya utayakuta Chang'ombe, Majengo, Chamwino, Kikuyu na baadhi ya mitaa ya Makole. Kuna kushea nyumba nzima, mnakuwa wawili au watatu mnachukua nyumba ya vyumba vitatu ndani ya fensi, Area C, Area D, Kisasa, Ilazo, maeneo kama hayo yaliyopimwa vizuri. Halafu kuna masta ya pembezoni, chumba chenye choo ndani au chumba na sebule kwenye vile vijumba vinavyojengwa kwa mstari mmoja milango inafuatana, Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu, Mkonze, Nala, Msalato. Hizi za tatu zimeongezeka sana tangu serikali ilivyoanza kuhamia 2016, kila aliyekuwa na kiwanja akaona bora ajenge vyumba sita vya kupangisha kuliko nyumba moja ya kuishi, na kiukweli imetusaidia maana zamani ilikuwa uswahilini au nyumba ya mtumishi mkubwa, katikati hapakuwa na kitu.

Kabla sijaendelea, mgeni angalia hili: Chamwino ziko mbili. Kuna Chamwino ya mjini hapa hapa ambayo unatoka kwa miguu hadi sokoni, na kuna Chamwino ya wilaya, ya Ikulu, huko mbele ya Mtumba njia ya Dar. Dalali akikwambia ana chumba Chamwino muulize ipi kabla hujapanda boda, sababu wengine wanaliacha jina linaelea makusudi.

Hesabu ya mwezi

Tuchukue mtu wa Mtumba, ndo wengi wa sa hivi. Mji wa Serikali, ambao ndo huko Mtumba, uko kama kilometa 17 kutoka katikati ya jiji kwahiyo nauli siyo kitu cha kusahau. Bei ntakazoweka hapa ni za mfano tu ili uone hesabu inavyotembea, we toa hizi weka za kwako.

Geto la Chang'ombe, tuseme 60,000 kwa mwezi. Utapanda gari mbili, tuseme zote 1,500 kwenda, kwenda na kurudi 3,000, mara siku 22 za kazi ni 66,000. Jumla 126,000.

Masta ya Ihumwa karibu na lami, tuseme 120,000. Nauli 600 kwenda, 1,200 kwa siku, mara 22 ni 26,400. Jumla 146,400.

Sasa angalia hii. Masta ile ile ya Ihumwa ila imeingia ndani, kwa sababu iko ndani dalali anakupa kwa 100,000 na unaona umepata ofa. Ila kutoka lami mpaka mlangoni ni boda, tuseme buku kwenda buku kurudi, 44,000 kwa mwezi, ukijumlisha na ile nauli ya lami 26,400 unapata 70,400, na kodi yake inakuwa 170,400. Yaani umekaa karibu na kazi kuliko mtu wa Chang'ombe, umelipa usafiri kumzidi mtu wa Chang'ombe, na kodi ya juu umelipa pia. Watu wanashangaa mshahara unaenda wapi, unaenda kwenye kile kipande cha kutoka lami mpaka mlangoni, kile ambacho dalali anakwambia "dakika tano tu bosi wangu, hapo hapo" na ukimuuliza dakika tano za nini anacheka.

Kushea nyumba Ilazo, tuseme nyumba nzima 450,000 mko watatu, kila mtu 150,000. Gari moja 800, kwenda na kurudi mara 22 ni 35,200. Jumla 185,200. Inaonekana ndo ghali kuliko zote na kwa makaratasi ni kweli, ila ndani yake kuna vitu ambavyo kwenye geto utavilipia pembeni, jiko la kupikia, sehemu ya kufulia, simtanki, na pia usingizi. Usingizi nao ni hela wazee, we subiri ukae chumba kinachopakana na baa.

Kama ofisi yenu ina basi la watumishi yote haya yanageuka. Uliza kwanza linapita wapi na linasimama wapi, halafu tafuta nyumba ya kutembea kwa miguu hadi kituo chake hata kama ni geto, utakuwa umeshawashinda wote hapo juu.

Na kama kazi yako iko mjini, dukani, benki, hospitali ya rufaa ya mkoa, au una meza yako pale soko la machinga, sioni hata tunabishana nini. Geto. Unatembea, unarudi mchana kula, jioni uko nyumbani mapema wenzako wako kwenye foleni ya kugombania siti.

Wa chuo kikuu cha Dodoma, UDOM, nao na wale wa hospitali ya Benjamin Mkapa wana hesabu yao. Makulu, Ng'ong'ona, Iyumbu ndo kwao, ila chuo kile ni kikubwa, ndaki zake zimetawanyika kwenye vilima na kutoka moja hadi nyingine ni boda tena, kwahiyo "karibu na UDOM" ni maneno matupu mpaka useme ndaki ipi.

Hela ya kuanzia

Hapa geto linashinda bila ubishi. Mama mwenye nyumba wa uswahilini wengi wanapokea miezi mitatu, na akikuona mtoto wa watu una adabu unaweza kumwambia "mama nianze na miwili, mshahara wa kwanza haujaingia" akakuelewa. 60,000 mara tatu ni 180,000, unaingia. Masta mpya za pembezoni wengi wanataka sita kwa mkupuo, 120,000 mara sita ni 720,000, ongeza dalali mwezi mmoja, 840,000, na hujanunua hata godoro. Kushea ile ya 450,000 mara sita ni 2,700,000, ukigawa kwa watatu 900,000, na dalali 150,000 kila mtu, 1,050,000 kichwa kimoja. Ajira mpya gani inakuja na milioni mkononi?

Ndo maana ushauri wa "usikae uswahilini utachelewa kimaisha" unanichosha. Mtu anakopa kwa riba kali alipie miezi sita ya masta halafu mwezi wa pili anashindia maandazi. Kaa geto miezi mitatu, mshahara uingie, ujue mji, ujue barabara yako, halafu uhame na hela yako.

Dalali mwenyewe ana hela mbili, ya kukuonyesha na ya kukamilisha. Ya kuonyesha wanaiita ya usumbufu na ukishatoa hairudi hata kama nyumba haina mlango. Kubaliana naye kabla hamjatoka kwamba ni moja kwa nyumba zote za siku hiyo. Pembezoni unaweza kumkwepa kabisa, nenda Jumapili mchana, tembea mtaa, ongea na muuza genge na fundi wa pale, mwenye nyumba anayemalizia kupaka rangi anatafuta mtu kuliko unavyotafuta nyumba. Mjini ni ngumu zaidi, vyumba vizuri vinapita kwa watu wanaojuana na hata bango havifiki.

Ukilipa, chochote ulicholipa, kiandikwe, na ikiwezekana upite kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Siyo kwa kumshuku mwenye nyumba. Baba mwenye nyumba anaweza kuwa mtu safi kabisa akafariki, wakaja watoto watano kila mmoja anadai kodi.

Maji, maji, maji

Hili linastahili nafasi kubwa kuliko kodi ila watu wanalitengea dakika mbili tu. Dodoma ni kavu, tuna msimu mmoja wa mvua kuanzia kama Disemba mpaka Aprili, baada ya hapo unasahau mawingu yanafananaje. Maji ya mji kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, na mji umekua kwa kasi kuliko visima, kwahiyo mgao ni sehemu ya maisha, kuna mtaa unapata siku kadhaa kwa wiki na mtaa wa jirani ratiba nyingine kabisa.

Kwenye geto maji yakitoka yanatoka kwenye bomba moja uani na kila mtu anakimbilia ndoo, aliyeko kazini amekosa. Unategemea jirani akujazie, na jirani atakujazia kama unaishi naye vizuri, hiyo siyo utani hiyo ndo bili ya maji ya uswahilini. Nunua pipa lako mapema, lenye mfuniko.

Kwenye nyumba ya kushea yenye fensi mara nyingi kuna simtanki juu ya mnara, maji yakija usiku yanapanda yenyewe mnaoga wiki nzima. Ila usiridhike kuliona tenki, gonga. Panda kaangalie kama limeunganishwa. Nyumba nyingi zina tenki la kupendezesha, bomba lake halijawahi kufika.

Masta ya pembezoni ndo bahati nasibu. Unaona choo ndani, tailizi hadi ukutani, bomba la mvua linang'aa, sinki, kila kitu, halafu mtandao wa maji haujafika mtaa ule, au umefika ila presha haipandi. Choo cha ndani bila maji ni kibaya kuliko choo cha nje, nakwambia ukweli, cha nje unafunga mlango unaondoka. Ukiwa wa kununua maji, tuseme dumu la lita 20 ni 300 na mtu mmoja anatumia matatu kwa siku, ni 900, kwa mwezi 27,000. Irudishe hiyo kwenye hesabu ya juu, ile masta ya 146,400 imekuwa 173,400.

Halafu kuna chumvi. Visima vya watu binafsi sehemu nyingi huku vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, jagi linaota ukoko mweupe ndani ya wiki. "Tuna kisima chetu" siyo sifa mpaka uonje. Onja kabisa, usione aibu, chota kwa kiganja mbele ya mwenye nyumba, ndo utajua kama ya kunywa utakuwa unanunua.

Njia rahisi ya kupata ukweli ni kumuuliza mpangaji aliyepo, siyo mwenye nyumba na siyo dalali. Muulize "dada, maji mara ya mwisho yametoka lini?" Akikutajia siku bila kufikiria, nyumba ina maji. Akianza kwa kuguna, shukuru na uondoke.

Umeme kwa kifupi

Geto, mita moja vyumba nane, mnachangia LUKU, ugomvi ni wa kudumu na mwenye pasi na jagi la umeme ndo adui wa taifa. Masta mpya nyingi zina mita yake kila mlango au angalau submita, hapo zinashinda waziwazi. Kushea inategemea ninyi wenyewe. Kitu kimoja cha kujua, kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, sa hivi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, na hiyo ni ya mwenye nyumba siyo yako, kwahiyo mkubaliane mapema atakurudishia au ataipunguza kwenye kodi. Ni hela ndogo ila kwa mwaka ni 18,000 na mwenye nyumba mwenyewe anajua.

Watu utakaoishi nao

Hapa ndo penye utamu na penye moto.

Geto lina watu, mara nyingine kupita kiasi. Watajua umerudi saa ngapi, umekuja na nani, umekula nini. Kuna zamu ya kudeki choo na ukikwepa mara mbili itasemwa uani kwa sauti ya kukusikilizisha bila jina lako kutajwa. Ila ukilala na homa saa nne asubuhi mlango haujafunguliwa, mtu atagonga. Ukisafiri kwenda kwenu Kondoa wiki nzima chumba chako kitalindwa na macho kumi bila kumlipa mtu. Kwa mtu aliyefika mji asiokuwa na ndugu wala rafiki mi naona hiyo ni thamani kubwa, watu wanaikosa halafu ndo wanaikumbuka wakiwa kwenye masta yenye tailizi wanaongea na feni.

Masta ya pembezoni ni amani, na wiki ya kwanza amani ni tamu. Jirani ni mtu anayefunga mlango saa moja. Mtaa wenyewe nusu ni mapagale, taa za barabarani hakuna, na duka la karibu likifunga umefunga na we. Kwa mtu mwenye mchumba, au anayesoma jioni, au aliyechoka na zamu za choo, pazuri sana. Kwa dada anayetoka kazini usiku, mfano nesi wa shifti, nafikiri apakwepe mpaka awe na boda wa kuaminika, tena anayejulikana na mtaa, siyo wa kumsimamisha barabarani. Wapo pia wenye nyumba wanaokataa mabachela au wanamhoji binti maswali ambayo kaka hahojiwi, anakuja nani, analala nani. Pembezoni hili ni jepesi kidogo kwa sababu mwenyewe haishi pale. Uswahilini mama mwenye nyumba anaishi chumba cha mbele na ndo geti lenyewe.

Kushea sasa. Kushea kukienda vizuri hakuna kitu kinakishinda mji huu, mnapika kwa zamu, mnanunua mchele kwa kilo nyingi, gesi inagawanywa, Jumamosi mnaenda mnadani Msalato mnakula nyama, maisha yanakuwa mepesi. Kukienda vibaya unapoteza nyumba na rafiki kwa mpigo mmoja. Mambo yanayovunja karibu ni yale yale kila mahali. Mmoja ana mgeni wa wikiendi ambaye wikiendi yake imefika Alhamisi. Mmoja hanunui LUKU mpaka giza liingie halafu anauliza nani ana token. Mmoja anaosha sufuria alilopikia yeye tu.

Ila kwa Dodoma kuna moja la kwetu linalozidi yote, uhamisho. Mji umejaa watumishi na wanaojitolea na wa mikataba, mwenzenu anaweza kupata barua Jumatatu, Ijumaa anatakiwa Katavi. Kodi yake ya miezi iliyobaki ameshalipa anaitaka, mwenye nyumba hairudishi, ninyi mliobaki hamna, na chumba chake kiko wazi. Nimeshuhudia marafiki wa toka chuo wanatumiana meseji za vitisho kwa ajili ya 300,000. Kwahiyo kabla ya kuchukua nyumba ya kushea kaeni chini, muandike hata kwenye karatasi ya daftari: anayeondoka analeta mtu wa kuziba nafasi yake na wanaobaki wana haki ya kumkataa mmoja, wa pili wanampokea, asipoleta mtu anasubiri hela yake mpaka chumba kipate mtu. Na jina la kwenye mkataba liwe la nyote. Likiwa la mmoja, siku mkikosana ninyi wengine ni wageni wake.

Na usishee na mtu kwa sababu mnapendana stori. Tafuta mtu mnayefanana kwenye hela na usafi, stori mtazipata tu.

Siku ya kuhama

Kuhama kwenyewe nako kuna tofauti. Wa geto anahama na guta au kirikuu mara moja, godoro, ndoo, begi, jiko, kwisha. Ukishakaa masta miaka miwili una kochi, friji, kabati la nguo na zulia, hapo kirikuu inaenda mara mbili na vijana wa kubeba nao wanataka chao, na kochi la sebule kubwa halipiti mlango wa sebule ndogo. Kwahiyo kama unajua hujatulia, usinunue vitu vya kutulia. Kitanda cha chuma cha kufungua, meza ya kukunja, basi. Feni nunua kwa ajili ya Oktoba na Novemba, na blanketi zito kwa ajili ya Juni na Julai, mgeni wa Dar haamini mpaka upepo wa usiku umpige.

Upepo huo huo unaleta vumbi. Masta ya pembezoni yenye madirisha ya aluminiamu yasiyofunga sawasawa utafagia asubuhi na jioni. Uswahilini nyumba zimebanana zinakingana, vumbi linapungua ila hewa nayo inapungua.

Kwahiyo nani achukue nini

Umepata kazi ya kwanza, mfukoni una laki tatu nne, hujui mji: geto, na usilione aibu. Mtaa wowote unaotoka kwa miguu hadi daladala ya barabara yako. Mtu wa njia ya Arusha kwa mfano, yule wa Chuo cha Mipango pale Miyuji, asihangaike na Kikuyu hata kama ni bei rahisi, Chang'ombe au Miyuji yenyewe inamfaa.

Umeshakaa mwaka, mkataba wa kazi unaeleweka, na una mtu mmoja, narudia mmoja, unayemwamini: kushea nyumba ya vyumba viwili. Wawili wanaelewana au wanagombana wakayamaliza. Watatu lazima wawili wawe upande mmoja. Ile bei ya watatu inavutia ila mi naona wawili kwenye nyumba ndogo ni bora kuliko watatu kwenye kubwa.

Una pikipiki yako: masta ya pembezoni, tena ingia ndani kabisa ule kodi ndogo, ile hesabu ya boda haikuhusu. Pikipiki ndo inayogeuza kila kitu kwenye ulinganisho huu. Hakikisha tu pana geti la kuilaza ndani.

Huna pikipiki ila unataka masta: usivuke mwendo wa miguu wa dakika kumi kutoka lami, na uupime wewe mwenyewe saa moja usiku, siyo saa tano asubuhi ukiwa na dalali.

Kuna la nne ambalo nimelikwepa, kukaa kwa ndugu. Shangazi ana nyumba Area A na chumba cha wageni, kodi hakuna, chakula kipo. Kaa, ila kaa kwa tarehe, mwambie mwenyewe siku ya kwanza, "shangazi naomba nikae mpaka mwisho wa mwezi wa tatu nitafute pangu." Nunua unga na gesi bila kuombwa. Wanaoharibu undugu ni wanaofika kwa wiki moja, mwaka unaisha wako sebuleni na rimoti.

Kuhusu lini utafute: Aprili mpaka Juni Bunge la bajeti linakaa, mji unajaa, bei za lodge na za nyumba zilizo na samani zinapanda na madalali wanakuwa na kiburi. Agosti maonyesho ya Nanenane yanajaza Nzuguni. Oktoba na Novemba vyuo vinafungua, Makulu na Ng'ong'ona usisogee kama we siyo mwanafunzi. Mi ningeangalia nyumba Januari au Februari japo hela za Januari kila mtu anazijua, kwa sababu mvua inakuwa imechanganya na nyumba haiwezi kukuficha kitu. Utaona bati linavuja wapi, choo kinarudisha au hakirudishi, boda wanakubali kuingia mtaa huo au wanakuacha barabarani, na kama ni bondeni, Nkuhungu kuna mitaa ya hivyo, angalia ukutani kwa ndani usawa wa goti, maji yakishaingia mwaka mmoja yanaacha mstari na rangi mpya huwa haiufuti vizuri.